Marehemu Mwalimu Rupert na Mimi

Jumatatu, 9 Januari 2006

Naandika hapa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio. Tangu Alhamisi iliyopita mimi ni mwanamume wa miaka sitini na moja. Mwalimu mstaafu. Nina kisukari, mke wangu alishafariki, na nina mbuzi wanne. Jina langu ni Mwalimu Rupert.

Nyumbani bado ni Lukresia, miaka kumi na minane. Nimemaliza kidato cha nne Novemba. Nangoja matokeo. Hilda, rafiki yangu pekee, alikwenda Dodoma kwa dada yake na kuahidi barua kila wiki. Wiki ya saba hii. Barua: hakuna.

Mama hapendi mtu akae bure. Kanipeleka steshenari ya Bi Kunegunda nijifunze kuchapa. Nafagia, natoa fotokopi, na wateja wasipokuwepo naruhusiwa kukaa kwenye kompyuta ya nne, ile ya ukutani. Kila kompyuta ina kibanda chake cha plaiwudi, mtu hakuoni. Mahali pazuri kuliko pote Songea.

Humo ndimo nilimokutana na Kijiwe cha Tomaso. Ni baraza la kwenye intaneti la watu wasioamini kitu mpaka wakione. Waganga, ndoto, miujiza, barua za kutishia kwamba usipozinakili mara ishirini utakufa. Ukisema neno lolote wanakuuliza: ushahidi uko wapi? Nimesoma kurasa zao wiki nzima kama mtu mwenye kiu.

Kwanza nilijiandikisha kwa jina langu. Nikaandika: "Naitwa Lukresia, nipo Songea, nina miaka 18, hamjambo?" Mmoja tu alijibu. Aliomba picha.

Nikarudi kama Mwalimu Rupert. Shikamoo kumi na moja kwa siku moja! Mimi ambaye tangu nizaliwe nawaamkia watu barabara nzima ya mtaa wetu wa Lizaboni na nusu hawaitikii. Niliitikia zote, moja moja. Marahaba. Marahaba. Marahaba, mwanangu.

Alhamisi, 12 Januari

Kuna bundi juu ya paa letu. Siku tatu sasa. Mama anamrushia magunzi na kumwambia kwa Kingoni maneno ambayo yeye, mwenyekiti wa Jumuiya ya kanisani, hapaswi kuyajua.

Nikapata wazo. Jana Mwalimu Rupert alitangaza Kijiweni jaribio: bundi amelia juu ya paa langu. Watu wanasema akilia, mwenye nyumba hufa. Nahesabu siku saba kuanzia leo. Jumatano ijayo nikiwa hai, bundi hana hatia.

Wakashangilia. Wengine walisema hii ndiyo sayansi. Isipokuwa Nyundo.

Nyundo ni mjumbe anayeishi Uswidi. Ana digrii tatu, amesema mwenyewe. Hajawahi kumsifu mtu. Akauliza: una hakika ni bundi yuleyule? Umemtia alama? Na siku saba nani kazipanga, bundi au wewe? Nikamjibu kwamba mwalimu wa miaka thelathini na tano hafundishwi kuhesabu. Akaandika: "Hapana, hapana, turudi kwenye hoja. Bundi hawezi" na hapo akaishia. Nilitaka kuandika kwamba kashindwa, lakini umeme wetu nao ukakatika.

Leo kaomba radhi. Kasema umeme ulimzimikia katikati ya sentensi. Sikujua Uswidi nako wana mgawo. Tunajidharau bure.

Simpendi Nyundo. Lakini nikifungua ukurasa, jina la kwanza ninalolitafuta ni lake.

Ijumaa, 13 Januari

Siku kubwa! Nimekosea mara tatu.

Kosa lililo kubwa: Mwalimu Rupert aliandika kwamba nguo nyekundu huvuta radi. Wakadai ushahidi. Nikatafuta kichwani. Sikukuta kitu isipokuwa sauti ya Mama. Uso ukaniwaka moto, humo kibandani, peke yangu. Shuleni nilipokosea hesabu ubaoni nilisimamishwa hadi kengele, na tangu siku hiyo sijanyoosha tena mkono. Miaka mitatu.

Lakini muuguzi mmoja wa Kijiweni akaniandikia: Mwalimu, usione haya, hapa aliyekosea ndiye aliyepata faida, sisi wengine tumebaki tulivyokuwa. Hata Nyundo akasema nimekosea kiungwana. Kiungwana! Nimesoma mara sita.

Kumbe ndivyo wanavyofurahi hawa. Mtu anaondolewa jambo la uongo kama anayetolewa mwiba, anasema ahsante, wanaendelea.

Nilirudi nyumbani mvua ikinyesha, radi upande wa Mjimwema, nikajifunga kanga nyekundu na kusimama uani ili nipate ushahidi. Nilisimama kama dakika mbili. Mama akanivuta sikio hadi ndani. Akauliza kama ndiyo mambo anayofundisha Kunegunda. Sikupigwa na radi. Sikio linauma.

Jumapili, 15 Januari

Balaa.

Jana walikuwa wanazungumzia wizi wa mitihani. Mwalimu Rupert akaandika: "Sisi tulipofanya mtihani wa taifa Novemba iliyopita, hakuna aliyeiba." Nikabonyeza kabla ya kusoma. Mzee wa miaka sitini na moja!

Nikasahihisha haraka: nilimaanisha tulipousimamia. Nyundo akafika kama aliyekuwa nyuma ya mlango. Mstaafu anasimamiaje mtihani? Mwalimu, ulistaafu lini? Ulianza kazi mwaka gani? Mkuu wako wa kwanza wa shule alikuwa nani? Akamalizia kwamba hana nia mbaya, ila shaka ni shaka, hata kwa rafiki.

Aliandika "rafiki". Akaniharibia na furaha ya kuliona neno lenyewe.

Leo kanisani sikusikia mahubiri. Nikisema ukweli watanifukuza, na kanuni yao ya kwanza ni kutodanganya. Nikifukuzwa nimebaki na bundi. Nikinyamaza, Nyundo atachimba mpaka anikute.

Wakati wa matoleo nikapata jibu. Marehemu haulizwi maswali.

Jumanne, 17 Januari

Mwalimu Rupert amefariki saa nane mchana, kompyuta ya nne. Kisukari.

Nilijiandikisha upya kwa jina langu, binti wa mdogo wake. Sikujua tangazo la kifo linaandikwaje, kwa hiyo nikafuata lile la redioni, kila kitu mahali pake: nasikitika kutangaza kifo cha, habari ziwafikie ndugu na marafiki popote walipo, msiba uko Lizaboni, Songea, nyumbani kwa mwenyekiti wa Jumuiya, Mama Devota, yaani kwa Mama. Tangazo lisilosema msiba uko wapi si tangazo. Lilipendeza sana.

Nikangoja waulize ushahidi uko wapi. Nilikuwa nimejiandaa! Nilikuwa na jina la ugonjwa, saa, hata maneno yake ya mwisho.

Hakuna aliyeuliza. Watu wasioamini kitu, mia na zaidi, wakaamini papo hapo. Poleni sana. Pole, binti. Alikuwa mzee wa heshima. Muuguzi aliandika kwamba amefunga mlango wa ofisi alie. Nyundo aliandika neno moja tu: "Nimechelewa."

Hapo nikaanza kulia. Nilimlilia kweli mzee yule. Aliwahi kunisemea mambo yangu yote. Bi Kunegunda akachungulia juu ya plaiwudi na kuuliza nini. Nikasema vumbi la fotokopi. Akasema basi nilifute.

Alhamisi, 19 Januari

Mambo mawili, yote mabaya.

La kwanza. Jaribio la bundi lilikuwa liishe jana. Nimemuua Mwalimu siku moja kabla! Mtu mmoja kahesabu siku na kuandika: jamani, bundi. Sasa Kijiwe kizima kimetetemeka. Mjumbe aliyekuwa mkali kuliko wote dhidi ya waganga anauliza, kwa utafiti tu, dawa ya kufukuza bundi. Wawili wamejitoa. Nimelirudisha nyuma baraza la sayansi kwa miaka mia moja, na mimi ndiye pekee ninayejua kwamba bundi hana kosa.

La pili. Nyundo kaandika: mimi niko mbali, lakini nina mdogo wangu hapo Songea. Nimemtuma. Jumamosi asubuhi atafika msibani Lizaboni kwa niaba ya Kijiwe. Haiwezekani mtu afe tukae tunaandika tu.

Wote wakamshukuru. Mimi nikamwandikia kwamba asijisumbue, barabara ni matope. Akajibu kwamba mdogo wake ana viatu vya mpira.

Mkakati: Jumamosi nitamsubiri mgeni njia panda. Nitamwambia matanga yamekwisha, nitapokea pole, nitamgeuza. Hatafika nyumbani kamwe.

Jumamosi, 21 Januari

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa moja asubuhi nilikuwa njia panda na mwavuli. Nikangoja hadi saa tano. Walipita wanawake wa sokoni, ng'ombe, na mtu wa mitumba. Mgeni hakupita. Alipitia chini kwenye mto, njia ya mkato, kwa sababu ya vile viatu.

Nikarudi nyumbani nikiwa na furaha. Kwa mbali nikaona moshi. Nikaona mikeka uani. Nikaona wanawake kama ishirini wamejifunga kanga kiunoni, na sufuria kubwa la Jumuiya juu ya mafiga, maharage yanachemka. Nyumbani kwetu kuna msiba!

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Mgeni alipiga hodi na kumuuliza Mama kama hapa ndipo kwenye msiba wa Mwalimu Rupert. Sasa Mama ni mwenyekiti mwaka wa tisa. Hajawahi kupitwa na msiba hata mmoja Lizaboni. Angesema hajui? Afadhali afe yeye. Alijitwika mikono kichwani akalia kwanza. Mama Saimon wa jirani, ambaye anautaka uenyekiti ule tangu mwaka juzi, alisikia kilio na akaja na mzigo wa kuni kabla hajauliza ni nani. Wengine wakaona Mama Saimon kaja na kuni, wakaleta unga. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake anamjua marehemu.

Nilimkuta mgeni ameketi kwenye stuli ya Baba, ambaye yuko safarini Mbinga. Anaitwa Mzee Daimu. Mwembamba, koti kubwa, miwani iliyofungwa kwa uzi. Mtu wa Nalasi kule Tunduru, lakini miaka mingi anakaa Mjimwema peke yake na anatengeneza saa za mkono pale sokoni. Alileta sukari na korosho za kwao. Nikapiga goti, shikamoo. Akaitikia taratibu, akaniambia pole, marehemu baba yako mkubwa alikuwa mbishi wa haki, na wabishi wa haki hawazaliwi kila siku.

Nikamuuliza habari za kaka yake wa Uswidi. Akasema yuko salama, anasikitika. Nikauliza kama kule ni baridi. Akafikiri, akasema ni kama milima ya Umatengo mwezi wa sita.

Saa saba akaja katekista. Akafungua kitabu na kuuliza mwili uko wapi.

Nilisikia maharage yakichemka. Mama Saimon akamtazama Mama. Mama akamtazama Mzee Daimu. Mzee Daimu akanitazama mimi. Mimi nikatazama sufuria.

Mama akasema: "Amezikwa hukohuko."

Mama Saimon akauliza: "Huko wapi, mwenyekiti?"

"Mama Saimon, huku ndiko kumpa mfiwa pole? Leo unataka ramani?"

Wanawake wakaguna. Mama Saimon akainama kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Katekista akasali kwa ajili ya Rupert na marehemu wote. Mwalimu Rupert kaombewa na watu thelathini! Mzee Daimu alikaa nje ya mkeka, viganja wazi, akimwomba Mungu kwa namna yake. Nilidhani ndugu za watu wa Kijiweni hawaombi.

Wanawake wawili wakabishana kama marehemu alikuwa mrefu. Mzee Daimu akainua kidole: "Hapana, hapana, turudi kwenye hoja." Nikashtuka. Maneno ya Nyundo yaleyale! Yaani ukoo mmoja hata kuzungumza wanazungumza sawa.

Nilimsindikiza hadi njia panda, kama desturi. Akasimama. Akasema kaka yake hana mtu mwingine. Jioni hufunga kazi, hula, hukaa. Halafu akampata huyu mwalimu wa Songea, na kila siku kukawa na kitu cha kungojea. Akasema kaka yake anajilaumu kwa yale maswali ya miaka, alimbana mzee mgonjwa. "Siku zote hudai ushahidi," akasema. "Kwa kifo hakudai. Unamdaije mtu ushahidi wa kifo?" Akasema pia kwamba nikipenda nipite pale sokoni kwenye meza yake ya saa. Kazi si nyingi. Wanaweza kubishana kidogo, mtu na mtu.

Hapo ndipo ilikuwa niseme. Neno lilikuwa mdomoni. Nilifungua kinywa, nikasikia sauti yangu inasema: shikamoo.

Mara ya pili! Kwa kuaga! Akaitikia marahaba kama vile ni kawaida, akafungua mwavuli, akateremkia mtoni.

Jumatatu, 23 Januari

Mama aliniuliza tangu Jumamosi: Rupert ni nani? Nikasema nadhani ni wa upande wa Baba. Ndiyo yote niliyosema.

Leo Baba karudi kutoka Mbinga. Hata mfuko hajautua. Mama akamwuliza ni ukoo gani huu wa watu wanaokufa kimyakimya, kaka yake anazikwa na yeye mke anaambiwa na fundi saa. Baba ana ndugu wa baba mmoja mama mmoja watatu, wote hai. Lakini Baba hapendi ugomvi wakati ana njaa. Akakaa. Akafikiri muda mrefu. Akasema ndiyo, kuna Rupert mmoja. Alikuwa mwalimu, eh? Alikuwa na mbuzi?

Mbuzi! Sijamtajia mtu yeyote hapa nyumbani.

Baba akaendelea kumkumbuka hadi ugali ulipokwisha. Alikuwa mtu wa utani. Aliwahi kumbeba mabegani. Mama akafuta machozi. Sasa watu wa kumshuhudia Mwalimu Rupert ni wengi kuliko wa kunishuhudia mimi.

Jumanne, 24 Januari

Nimepita sokoni nimwone Mzee Daimu. Nilikuwa na sentensi tayari. Yupo, kaweka lenzi jichoni, anachungulia ndani ya saa. Nikapita kushoto. Nikarudi, nikapita kulia. Nikanunua bamia. Hatuhitaji bamia.

Sijui kuzungumza na watu wenye uso.

Ijumaa, 27 Januari

Yote yamekwisha vizuri. Nimejifunza mengi sana na sasa mimi ni mtu mwingine.

Ninasema kweli. Tangu jana mimi ni Mwalimu Pankrasi, pacha wa marehemu.

Sababu ni ya kisayansi. Mtu alitakiwa kumwokoa bundi. Mwalimu Pankrasi amewaandikia kwamba marehemu hakula dawa zake, bundi hakuhusika, na bundi huyohuyo sasa analia juu ya paa lake yeye. Anaanza jaribio jipya. Siku saba. Kijiwe kimefufuka! Waliojitoa wamerudi. Shikamoo kumi na nne.

Na Nyundo kajibu kabla sijatoa mkono kwenye kitufe. Kaniuliza kama nimemtia bundi alama. Nilicheka peke yangu kibandani hadi Bi Kunegunda akagonga plaiwudi na kusema kompyuta ya kwanza kuna mteja anafanya kazi. Nikachungulia. Ni Mzee Daimu! Anachapa kwa kidole kimoja, miwani puani, anatabasamu na kioo. Sikutaka kumsumbua. Huenda anamwandikia kaka yake.

Tukabishana na Nyundo mchana mzima. Nilikosea mara mbili, nikashukuru mara mbili. Saa kumi akaandika: "Hapana, hapana, turudi kwenye hoja. Mwalimu, nashangaa jinsi" na umeme ukakatika.

Kwenye kompyuta ya kwanza Mzee Daimu akapiga meza. "Aah! Katikati ya sentensi!"

Kwa kama sekunde moja nilipata shaka. Shaka kubwa, kifuani, mahali pa moyo. Ningesimama ningefika kwake kwa hatua tano. Nilihesabu.

Lakini Kijiwe kimenifundisha kutokimbilia mambo. Nikajiuliza: ushahidi uko wapi? Sikuuona. Kulikuwa giza, umeme haupo. Mzee Daimu akavaa koti lake, akapita nyuma ya kibanda changu, akatoka. Uswidi nako itakuwa wanasubiri umeme.

Jambo moja tu linanipa wasiwasi. Nyundo ameanza kuuliza pacha naye alistaafu mwaka gani. Kama maswali yatazidi, nimeshaandika mapema kwamba Mwalimu Pankrasi ana moyo mbovu. Safari hii msiba nitauweka Tunduru, mbali, Mama asisikie.

Ewe daftari, umesoma yote haya, na wewe ndiye pekee. Kaa chini ya godoro. Usimwambie Mama, usimwambie Mama Saimon, na akipita mzee mmoja mwembamba mwenye miwani ya uzi akauliza kama huyu mwalimu yuko kweli, mwambie yuko.